Maneno ya Nyuma ya Ukuta

Watu wakisikia kwamba enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa baraza huku Kyela, wananipa kiti cha mbele. Mzee alifanya kazi ya sheria, wanasema. Mimi nanyamaza na kukikalia hicho kiti, maana hasira zangu nazijua, nikianza kusema nitajitukana mwenyewe mbele ya wajukuu. Sheria gani? Nilikuwa mwandishi. Watu walisema, mimi nikaandika, na mahali pamoja sikuandika. Hiyo ndiyo habari yangu yote, lakini nitaieleza taratibu ili asiyejua mambo ya mabaraza yale asipotee njiani.

Zamani hizo palikuwa na ngazi mbili za haki, na hazikukutana popote. Mtu akiua, au akishitakiwa kwa sheria za Wazungu, kesi yake ilikwenda kwa jaji, yule aliyezunguka nchi na joho lake, akifika Mbeya wiki mbili kisha haonekani tena mpaka mwaka umegeuka. Hiyo ngazi haikutuhusu sana. Sisi tulikuwa na kesi za mila: ndoa, ng'ombe, mashamba, urithi. Hizo zilianza kwa malafyale, yaani chifu wetu, na wazee wake wa baraza. Asiyeridhika alipanda Tukuyu kwa baraza la rufani, ambako walikaa machifu na wazee wa wilaya nzima. Akishindwa huko, anakwenda kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Na juu ya wote palikuwa na mahakama ya mwisho kwa kesi za mila, iliyokaa Dar es Salaam, ambayo mtu wa huku hakuwahi kuiona kwa macho, ila karatasi zake tulizipata na mihuri yake nusura tuibusu.

Sasa sikiliza neno moja, ndilo linalobeba mengine. Wale wa juu hawakuita mashahidi. Hawakumwona mtu uso, hawakusikia sauti. Walisoma. Kilichoandikwa na karani wa baraza la kwanza katika daftari la kesi ndicho kilichokuwako duniani, na kisichoandikwa hakikuwahi kusemwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimetoka shule ya misheni na mwandiko mzuri, na masikio ya hao wakubwa wote yalikuwa kwenye kalamu yangu. Nilijua hivyo, wala sitasema sikujua.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kila kitu kama nilivyokiona. Kwetu, kama wajuavyo wenyeji, mke wa mtu hawezi kuonana na baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka njia, anaingia migombani, anajifunika kichwa na kugeuza uso mpaka mzee apite. Jina lake halitaji. Hawezi kuketi alipoketi, na mzee naye haingii mahali anapofanya kazi mwanamke huyo. Hiyo tunaiita ukutila, ni kuogopa kwa heshima, na wazee wetu wote waliijua kama wanavyojua kula. Basi mwanamke mmoja alipotoa ushahidi na mkwe wake yumo barazani, nikaandika: shahidi alisema akiwa nyuma ya migomba.

Daftari lilipokwenda Tukuyu kukaguliwa, makarani wote tuliitwa kwa mafunzo. Mzungu mmoja mdogo wa ofisi, mchangamfu tu, hakuwa mbaya, akasimama na daftari langu mkononi akasoma sentensi ile kwa sauti. Akauliza hili ni baraza gani ambalo mashahidi wanatoka katika ndizi. Makarani wenzangu wakacheka, Wanyakyusa wenzangu, watu ambao mama zao wanaingia migombani kila siku. Wakacheka mpaka mmoja akapigapiga meza. Halafu tukafundishwa: shahidi asimame mbele ya baraza, aape, aonekane, aulizwe maswali, kisha aweke dole gumba chini ya maneno yake. Asiyefanya hivyo si shahidi. Nilirudi nyumbani na lori la mchana, na njia nzima kutoka milimani nilikuwa nasikia kile kicheko.

Ndipo ikaja kesi ya shamba la Ngonga.

Mdai alikuwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na sauti nzito. Mwanawe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akaacha mke na watoto wawili. Mke huyo alikuwa Mkisi wa ufukweni mwa ziwa, binti wa wafinyanzi wa Lyulilo, aliyeolewa huku kwetu kwenye mpunga. Alipokataa kurithiwa na shemeji yake, mzee akaja barazani kudai shamba la mpunga alilokuwa akililima mwanamke huyo. Akaapa, akasema shamba lile alilifyeka yeye pamoja na marehemu, lilipokuwa bado bwawa la matete. Alisema vizuri, kwa mpango, nami niliandika kila neno. Akaweka dole gumba. Ukurasa ulipendeza.

Mwanamke akaitwa. Nyumba ya baraza ilikuwa na ukuta wa matofali uliofika kifuani tu, juu yake wazi mpaka kwenye bati. Yeye alikuwa amechuchumaa nje ya ukuta, upande wangu, kanga kichwani. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, na paa halikumfunika vizuri, bega moja lilikuwa linalowa. Malafyale hakushangaa, wala wazee hawakushangaa. Mzee wa kwanza wa baraza alimwambia tu aseme kwa sauti ili watu wasikie, na mdai akageuziwa kiti atazame upande wa pili.

Akasema. Lo, alisema yule mama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimechanganyika na Kikisi na Kinyakyusa, lakini kila kitu alikiweka mahali pake. Alieleza jinsi yeye na mumewe walivyokata matete misimu mitatu, jinsi maji yalivyobeba tuta la kwanza, jinsi alivyojifungulia mtoto wa pili pembeni mwa shamba kwa sababu uchungu ulimkuta akiwa kazini. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kama yamesemwa asubuhi hii.

"Huyo mzee anasema alifyeka na sisi. Mimi nilikuwa pale tangu panga la kwanza, sikukosa siku. Nilipo mimi, yeye hapiti. Basi alifyeka saa ngapi?"

Wazee wakaguna wote pamoja. Mmoja akajipiga paja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: kama mwanamke yule alikuwa shambani kila siku, mkwe wake hakuweza kukanyaga pale hata mara moja, na kama aliwahi kukanyaga, amevunja mwiko ambao hata mlevi haukiuki. Mdai aliulizwa kama ana la kujibu. Akatazama mikono yake, akasema hana.

Na mimi? Kalamu yangu nilikuwa nimeilaza chini.

Niliilaza pale tu alipoanza kusema. Hajasimama mbele ya baraza, nikajiambia. Hajaonekana. Nikiandika, daftari litasomwa tena Tukuyu, na wenzangu watapigapiga meza. Kwa hiyo nilisikiliza mpaka mwisho kama mtu aliyekuja kutazama ngoma, kisha nikaandika mstari mmoja kwa mwandiko wangu mzuri: Mdaiwa aliitwa, hakutokea mbele ya baraza. Kidau cha wino wa dole kilikuwa mezani kwangu. Ukuta ulifika kifuani. Ningenyoosha mkono tu, ningeupitisha ule wino juu ya ukuta, naye angeweka dole lake. Hata Biblia ingepita. Sikunyoosha mkono.

Baraza likampa shamba mwanamke. Hukumu niliiandika fupi, kwamba wazee wameona haki iko kwa mdaiwa. Wameionaje, sikusema, kwa sababu sababu yenyewe nilikuwa nimeiacha nje kwenye mvua. Tulipokuwa tunafunga, yule mzee wa kwanza wa baraza, ambaye hakujua kusoma lakini alijua watu, akanijia na kuniuliza kama maneno ya mama yule nimeyaweka. Nikamwambia ndiyo, yamo. Akaniambia ndaga, mwanangu, kwa moyo kabisa, akashika fimbo yake akaenda. Mtu asiyejua kusoma ananishukuru, na mimi namwitikia! Ningeweza kujizaba kofi.

Mdai akakata rufani. Nikanakili kesi kwa karatasi za kaboni, nakala tatu, safi. Baraza la Tukuyu liliposoma, machifu na wazee wale wakaacha hukumu yetu ilivyo. Nadhani walielewa wenyewe. Walipoona mkwe anamdai mke wa mwanawe, na mwanamke hakutokea mbele, walijua bila kuambiwa kwamba alikuwa nje ya ukuta na kwamba wenzao wa chini walimsikia. Nikapumua. Nikasema moyoni, kumbe haikuharibika kitu.

Mzee yule akapanda tena, kwa Bwana Shauri. Na Bwana Shauri alikuwa msomaji. Alisoma kama alivyofundishwa kusoma: upande huu kuna ushahidi wa kiapo kurasa mbili, upande ule kuna mstari mmoja. Akageuza hukumu. Shamba likarudi kwa mzee. Sasa ningemlaumu Mzungu, na kwa miaka fulani nilijaribu, nikiwa na wenzangu kwenye pombe tulimsema sana. Lakini yeye alifanya nini? Alisoma nilichompa.

Siku chache baadaye mwanamke akaja nyumbani kwangu. Alikuja mchana, amembeba mtoto mgongoni, na kwa kuwa mkwe wake hakuwapo alisimama wima mbele yangu, kichwa juu, nikamwona uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa rika langu. Tukasalimiana, ugonile, ndaga, nikampa kigoda akakaa. Alisema ameambiwa bado ipo mahakama moja juu ya zote, Dar es Salaam, na kaka yake ameuza mtumbwi ili apate kufika huko kwa karatasi. Aliuza mtumbwi, mtu wa Lyulilo. Wajuao ufukwe ule wanajua maana yake: kuvua umeacha, kupeleka vyungu sokoni umeacha, unabaki kutazama maji. Akaniomba nimwandikie barua ya rufani.

"Andika vilevile nilivyosema siku ile," akasema. "Hayohayo. Sina mengine."

Hapa ndipo ninapojikamata shati mwenyewe. Siku ya barazani nilikuwa na haya; kijana mwenye haya anaweza kusamehewa kidogo. Siku hii nilikuwa na akili zangu zote. Karatasi ilikuwa mbele yangu, wino upo, na maneno yake nilikuwa nayo kichwani moja baada ya jingine. Ningeyaandika, na chini yake ningeongeza kwamba karani wa baraza ndiye aliyeyaacha. Pengine wale wa juu wangerudisha kesi isikilizwe upya, walikuwa na uwezo huo. Lakini wangeuliza daftari. Wangeuliza ni nani aliyeandika kwamba hakutokea. Na mimi nilikuwa nimeahidiwa kupelekwa Tukuyu kuwa karani mkubwa, na nilikuwa nimeshamwambia mchumba wangu.

Nikamwambia, "Mama, maneno yako yamo kwenye faili. Watayasoma."

Akaniamini. Nikaandika barua ya mistari minne: mimi mrufani sikuridhika na hukumu, naomba wakubwa waangalie upya, nitashukuru. Nikamsomea kama ndiyo desturi ya rufani zote. Akaweka dole gumba chini yake, akalikandamiza kwa nguvu, wino ukaingia mpaka kwenye kucha. Alilifuta kwa ukingo wa kanga na kunishukuru mara mbili.

Faili lilikwenda. Lilipita Tukuyu, likapita Mbeya, likalala sijui kwenye meza ngapi. Tulivuna mpunga, tukapanda mwingine. Sijui kama mtu anaweza kuelewa jinsi nilivyoomba kanisani miezi ile. Nilimwomba Mungu awaonyeshe wakubwa wa Dar es Salaam kitu ambacho mimi sikukiandika. Yaani nilitaka Mungu anifanyie kazi ya ukarani.

Karatasi ikarudi mwanzoni mwa mvua. Tarishi aliileta kwenye mfuko wa ngozi, na malafyale akaamuru isomwe barazani siku ya kusikiliza kesi. Niliifungua peke yangu kwanza. Ilikuwa imepigwa taipu, nusu ukurasa. Rufani imekataliwa. Na sababu ilikuwa wazi kama jua la Kyela: mrufani hakutoa ushahidi wowote katika baraza la kwanza, na mahakama haiwezi kumpa haki mtu ambaye alipoitwa hakutokea. Chini palikuwa na sahihi za watu watatu. Niliyatazama majina yao muda mrefu. Walikuwa wamefanya kazi yao sawasawa, hata kosa la kuwatukania sikulipata.

Siku ya kusoma, mzee mdai alikuwa ndani na mwanamke alikuwa nje ya ukuta, palepale pa zamani. Nikasimama. Nikasoma tarehe, nikasoma namba ya kesi, nikasoma kwamba rufani imekataliwa na shamba ni la mdai. Nikakunja karatasi. Ile sababu sikuisoma. Mzee wa kwanza wa baraza akauliza wakubwa wameona nini hata wakageuza jambo lililo wazi namna hii, nikajibu kwamba wakubwa hawakueleza. Alinitazama. Sijui alinitazama kwa nini, macho yake yalikuwa yameanza ukungu, lakini niliinama nikaanza kutafuta kitu chini ya meza.

Nje hapakuwa na kilio. Nilisikia tu kanga ikikung'utwa, kisha hatua kwenye matope.

Nikaenda Tukuyu. Nikaoa. Nikawa karani mkubwa, na makarani wadogo waliniletea madaftari yao niyakague. Humo nilikuta mara nyingi mstari ule ule, hakutokea mbele ya baraza, umeandikwa na vijana waliofundishwa kama mimi. Nilianza kuwagombeza. Niliwauliza alikuwa wapi kama hakutokea, alikuwa nje? Alisema? Basi andika alipokuwa na andika alichosema, na akucheke atakayecheka. Walinipa jina la utani la hasira zangu. Walidhani napenda sheria.

Mwaka wa tano hivi tangu karatasi ile, Mwingereza bado yupo lakini watu wameanza kusema habari za kuondoka kwake, nilishuka ufukweni na mke wangu kununua vyungu. Soko la Lyulilo siku hiyo lilikuwa limejaa, mitumbwi imepanga midomo mchangani, vyungu vimepakiwa na majani makavu. Mke wangu ni mtu wa kuchagua; anagonga kila chungu, anasikiliza, anarudisha. Akasimama kwa mwanamke mmoja, akagonga cha kwanza akakikubali. Nikageuka nimwone mfinyanzi gani huyo. Alikuwa yeye.

Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na udongo mkavu mpaka kwenye viwiko. Alinitambua mara moja. Akasimama, akanisalimu kwa furaha, furaha ya kweli, akamwambia mke wangu kwamba huyu ndiye karani aliyemsaidia sana. Akaeleza habari zao: kaka yake sasa anavua kwa mtumbwi wa watu, mtoto mkubwa yuko kwa babu yake huko Ngonga, anachunga, mdogo yuko naye. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei. Mke wangu alinisifu kwa macho. Nilitamani ziwa linimeze na viatu vyangu.

Kisha akanivuta pembeni kidogo, akashusha sauti.

"Bwana karani, kuna kitu kimoja nilitaka kukuuliza siku zote. Wale wakubwa wa Dar es Salaam. Maneno yangu waliyasikia?"

Nilikuwa na umri wa mtu mzima. Sikuwa na daftari mbele yangu, wala Mzungu, wala mwenzangu wa kucheka. Shamba lilikuwa limekwisha kwenda, kusema kweli kusingelirudisha na kusingeninyima kazi. Angenitukana tu, mbele ya mke wangu, mbele ya soko. Ni hilo tu lililokuwa limebaki kuogopa.

"Waliyasikia, mama," nikasema. "Yote."

Akatikisa kichwa taratibu, akitazama vyungu vyake. Kisha akatabasamu kama anayejicheka.

"Basi ni mimi. Sikusema vizuri," akasema. "Siku ile nilikuwa nalowa, nikaharakisha."

Akainama, akakifunga chungu chetu kwa majani, akakataa kabisa kupokea bei yake.